Merikebu ya Mbagala

Kuingia kwenye uwanja wa watoto uliojengwa kwa kumbukumbu ya Bintimfalme Diana, pale Kensington Gardens, London, hakuna tiketi wala kiingilio. Unachotakiwa kuwa nacho ni mtoto. Mtu mzima asiye na mtoto haingii, hata awe amevaa suti, na mtoto mwenyewe asiwe amevuka miaka 12. Ni sheria nzuri, ya kuwalinda watoto, nami naiunga mkono kabisa. Tatizo ni kwamba kaka yangu hana mtoto, na siku hiyo chakula kilikuwa kwake.

Tulikuwa msafara. Mama yangu alikuwa amekuja kututazama kutoka Tanga. Alifuatana na mpwa wangu wa Mbagala, mtoto wa dada, miaka sita, aliyefunga shule. Mimi nilikuwa na binti yangu wa miaka saba, mzaliwa wa London na mjuzi wa kila jambo, pamoja na kitindamimba wa miaka miwili, ambaye hajui kitu lakini hapangiwi. Kaka alisema tutangulie, yeye atatukuta hukohuko na hotpoti ya pilau.

Uwanja ulifunguliwa tarehe 30 Juni 2000, jirani na jumba alilokuwa akiishi Diana mwenyewe. Katikati yake imekaa merikebu kubwa ya maharamia, ya mbao, ina milingoti, kamba za kukwea na usukani unaozunguka, imekwama kwenye ufuko wa mchanga mahali ambapo bahari haijulikani. Merikebu hiyo inatokana na hadithi ya Peter Pan. J. M. Barrie, aliyeitunga, aliishi karibu na bustani hii, na humo ndimo alimokuwa akitembea na mbwa wake akazoeana na watoto wa familia moja ambao ndio waliomtia maneno kichwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alitoa fedha zake kuwawekea watoto bembea hapohapo. Kwa hiyo wasanifu walikuwa na hoja: mtoto atafika, ataona milingoti, atageuka haramia.

Binti yangu alimpa binamu yake maelezo yote. Huyu ni nani, yule ni nani, nani ana ndoana badala ya mkono, mamba amemeza nini. Mpwa wangu alisikiliza kwa adabu. Akaitazama merikebu, akautazama usukani, akawatazama watoto waliosukumana kupanda. Kisha akaniuliza, "Mamdogo, hii gari inakwenda wapi?"

Sikuwahi kumjibu. Alikwisha pata mlango wa nyuma, akaning'inia kwa mkono mmoja, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kiwiliwili chote kimelalia upepo, akapiga ubavu wa merikebu kwa kiganja. "Mbagala, Mbagala, Mbagala! Mbagala Rangi Tatu! Twende, siti zipo!" Siti hazikuwapo. Hata Dar es Salaam huwa hazipo konda anaposema zipo.

Watoto wa London hawakuelewa neno hata moja, ila walitambua sauti ya mtu mwenye mamlaka. Wakapanda. Mtoto mmoja mwenye nywele nyekundu akakabidhiwa usukani. Nauli ilikuwa jani moja, na chenji inarudishwa kwa vijiti. Mpwa aliyapanga majani baina ya vidole, yamekunjwa kwa urefu, kila jani mahali pake, akawa anachezesha changarawe kwenye kiganja ili abiria wasikie kwamba nauli inadaiwa. "Songea nyuma! Nyuma kupo wazi!" Nao wakasogea. Babu mmoja wa Kizungu, aliyekuwa amemfuata mjukuu wake, alikaa bila kutoa jani, akaamriwa kushuka. Akashuka.

Nilijiuliza Aldo van Eyck angesema nini. Msanifu huyo wa Kiholanzi alichora viwanja vya watoto zaidi ya 700 mjini Amsterdam kati ya 1947 na 1978, na merikebu namna hii asingeijenga. Yeye alikuwa mtu wa shimo la mchanga, matao ya chuma na vigingi vya saruji vya kurukia, basi. Mtoto aamue mwenyewe kama hicho ni nyumba au mlima. Denmark nako, C. Th. Sørensen aligundua kwamba watoto wanaviacha viwanja walivyotengenezewa na kukimbilia kwenye majengo yasiyokwisha. Mwaka 1943, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, ukafunguliwa Emdrup, Copenhagen, uwanja wa mabaki ya mbao, watoto wajijengee wapendavyo. Mama yeyote wa Mbagala ambaye amewahi kumwita mwanawe magharibi atoke kwenye pagale la jirani angemwambia Sørensen habari hiyo bure.

Wakati nawaza mambo hayo makubwa, kitindamimba aliingia kwenye maji.

Kuna sehemu yenye mawe na maji yanayotiririka, na wasanifu walikuwa na nia njema walipoiweka karibu na mchanga. Nepi ina kazi moja duniani, kunyonya maji, na ile ya mwanangu ilifanya kazi yake kwa moyo wote. Ilifura. Ikaanza kushuka, kiunoni, mapajani, hadi ikamfikia magotini, imekaa kama gunia la ndizi, yeye anatembea kwa kupanua miguu akielekea mchangani. Aliketi. Alipoinuka, nepi haikuinuka. Mwenyewe akaendelea na safari akiwa huru kabisa, nami nikabaki na kile kitu cha uzito wa nazi mbili mkononi, natafuta pipa.

Mama akavua kanga yake ya kujitanda, akamfunika mjukuu. Nusu saa baadaye mjukuu yuko kwingine, kanga imelowa, na binti yangu ameipandisha kwenye kamba za mlingoti ikauke. Ikashika upepo. Merikebu ya maharamia ikawa imetwekwa maandishi meusi makubwa: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Kutoka upande wa bembea nikasikia mtu anacheka peke yake. Alikuwa mama mmoja wa Mombasa, ana mtoto mgongoni, anasoma. "Shikamoo mama," akamwambia mama yangu, "hiyo imemlenga nani?" Mama akasema bado hajamchagua.

Hapo ndipo simu ilipoita. Kaka yuko langoni na amekataliwa.

Nilimwona kwa mbali, hotpoti mkono mmoja na mfuko wa sahani mkono mwingine, amesimama kando ya ule mti wa vijini. Ni gogo la mwaloni ambalo Ivor Innes alilichonga kati ya 1928 na 1930 na kulijaza vibwengo na wanyama wadogo, na siku hizi limezungushiwa tundu la chuma. Mama alipopita hapo asubuhi aliomba kinga kwa Mungu, akasema heri wamewafungia.

Ilibidi tumkopeshe kaka mtoto. Kitindamimba hakuwa na nguo. Mpwa alisema gari limejaa na konda haachi gari. Akabaki binti yangu, naye alishaiona hali ya soko.

"Mjomba atanipa nini?"

"Ni mjomba wako! Ana chakula chako!"

"Aiskrimu mbili. Na nisikilizwe wakati wa kuondoka."

Nikakubali kwa niaba ya kaka. Tukaenda langoni, akatoka, akamshika mjomba wake mkono, akamgeukia mtumishi wa lango na kumwambia kwa Kiingereza cha kikwao, bila kutabasamu, kwamba huyu mtu mzima yuko naye. Kaka, mwenye futi sita na ndevu, akaingia amekokotwa.

Hakufika mbali. Akiwa anakatiza mbele ya merikebu, mpwa alimzuia.

"Mjomba, nauli."

"Konda, mimi ni ndugu yako."

"Konda hana ndugu."

Tulikula pilau ndani ya gari, mchanga ukiwa sehemu ya viungo, na mama wa Mombasa akaletewa sahani yake kwenye siti ya mbele. Yule mwenye nywele nyekundu alikataa kuachia usukani, akalishwa palepale na mama yangu, tonge baada ya tonge, huku mzazi wake akiuliza kama mna pilipili. Kulikuwa na pilipili.

Usiku mama alimpigia simu shoga yake wa Tanga. Shoga akataka kujua kama wameliona jumba la mfalme.

"Tumepita nje yake," mama akasema. "Tulikuwa na haraka, huyu mdogo alikuwa hana suruali."

Akasikiliza kidogo.

"Nguo zangu zote ninazo, isipokuwa ile kanga. Kuna mzee wa Kizungu alimpa konda majani mengi sana, nilipogeuka nikakuta imeuzwa."