Macho Nne: Mwongozo kwa Mgeni wa Sanaa Eastlands

Umealikwa kutazama picha Eastlands, Nairobi. Hongera, na pole. Mwongozo huu ni wako wewe ambaye jina hilo likitajwa tu, mkono unashuka wenyewe kupapasa mfuko kama simu bado ipo.

Mavazi. Usivae nguo kuukuu makusudi ili ufanane na wenyeji. Utafika Buruburu Jumamosi na kukuta mtu mchafu ni wewe peke yako.

Usafiri. Panda matatu namba 58 mjini. Usilalamikie kelele. Matatu hiyo imechorwa nyuso kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma, na kwa bei ya nauli umeshaingia ukumbi wa kwanza wa maonyesho. Maoni yako kuhusu rangi usimpe makanga. Ana yake, na ana chenji yako.

Kituo cha kwanza: Buruburu. Usitafute jengo lenye nguzo za marumaru. Brush Tu, studio iliyoanzishwa mwaka 2013 na Boniface Maina, Michael Musyoka na David Thuku, ilizaliwa katikati ya nyumba za watu, mahali ambapo jirani anaanika nguo huku wewe ukitafakari. Thuku hukata karatasi na kuzipanga tabaka juu ya tabaka, hata ukajiuliza mtu aliye kwenye picha anajitokeza au anajificha.

Hapa pana hatari kubwa: swali la "Hii ni picha ya nini?" Mchoraji mjanja atakurudishia: "Wewe unaona nini?" Ukijibu, umekwisha. Chukua kanvasi yoyote ya dhahania yenye wekundu mwingi. Mgeni ataona damu na ghasia za uchaguzi. Mama anayepita na ndoo ataona udongo wa shambani kwao Murang'a. Kijana wa bodaboda ataona jezi ya Arsenal. Rangi ni moja, na haijasema neno, lakini watu watatu wameshajitambulisha kikamilifu bila kuonyesha kitambulisho.

Kituo cha pili: Mukuru. Kikundi cha wasanii cha Wajukuu Art Project kilianza mwaka 2004 kule Lunga Lunga, kikiwa na watu kama Shabu Mwangi na Ngugi Waweru. Watu katika picha za Shabu huwa na miili iliyopindwa na nyuso zisizotulia. Usikimbilie kumwambia kwamba umeona mateso ya mtaa wa mabanda. Huenda anachora mtu anayetazamwa kila siku na wageni wenye uhakika kama wako.

Tahadhari ya pili hapa inahusu mabati. Mwaka 2022 Wajukuu walialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta ya 15 huko Kassel, Ujerumani, wakafunika mlango wa ukumbi kwa mabati yenye kutu, na mwaka huohuo wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Watu walikata tiketi ili wapite chini ya mabati hayo. Ukiyaona ya hapa, ambayo ni ya bure, jaribu kutopandisha kioo cha gari.

Kituo cha tatu: miwani. Cyrus Kabiru, mzaliwa wa 1984, alikulia Korogocho, jirani na jaa la Dandora. Amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alitamani miwani, baba akakataa na kumwambia ajitengenezee. Mtoto mtiifu ni hatari. Alianza kuunda miwani kwa nyaya, vijiko, vifuniko vya chupa na vyuma vya skrepa, akaivaa mwenyewe na kupigwa picha. Miwani hiyo ameiita C-Stunners, na picha kadhaa zina jina *Macho Nne*, lile tunalomtania nalo mvaa miwani. Sarufi ingedai "macho manne", lakini mtaa haufanyi mtihani wa sarufi.

Usisimame mbele ya picha hizo muda mrefu ukitafuta macho yake. Yamefunikwa. Yeye anakuona, wewe unaona vijiko. Umekuja kumchunguza kijana wa Korogocho, na sasa unajikuta ukinyoosha kola. Usijali, hutokea kwa wengi. Miwani ya aina hii huvaliwa na mmoja, ikampima macho mwingine.

Kurudi. Ukishuka mjini, papasa mfuko. Simu ipo. Ifungue utazame picha ulizopiga wewe. Mabati, mabati, mtoto asiye na viatu, mabati, matatu. Sasa hesabu ngapi zina mtu ambaye ulimwuliza jina.

Kama hakuna hata moja, stendi ya 58 iko palepale.