Wali wa Kamba kwa Dakika 15, Ukiondoa Jana

Hatua ya kwanza ya kupika wali wa kukaanga wa kiafya ni kutangaza. Andika kwenye kundi la familia kwamba tangu leo nyumba yako imeachana na mafuta, kisha subiri mashangazi waulize kama unaumwa. Ukishahurumiwa vya kutosha, ingia jikoni. Wanaoanzia jikoni wanapika vizuri, lakini nani anajua?

Hatua ya pili ilipaswa kufanyika jana. Wali wa kukaanga unataka kiporo, na Wachina tuliochukua chakula hiki kwao wanaujua ukweli huo zamani: wali umebaki, na kutupa ni dhambi. Wali ulioepuliwa sasa hivi bado umejaa mvuke. Ukiutia kwenye karai unashikana, ukiukoroga unapondeka, na mwishowe unapakua bokoboko la kamba. Uliolala kwenye friji umekauka, na punje haitaki tena kumjua mwenzake. Kwa hiyo zile dakika 15 tunazoahidiwa na kila mpishi wa mtandaoni ni za kweli kabisa, mradi jana usiihesabu.

Lakini kuna kiporo na kiporo. Kile tulichokulia nacho hulala ndani ya sufuria ileile, juu ya jiko lililozimwa, kimefunikwa sahani, asubuhi kikapashwa na kuliwa kwa chai. Bakteria aitwaye Bacillus cereus anaupenda mno utaratibu huu. Chembe zake zilizolala hazifi wali unapochemka. Wali ukikaa vuguvugu usiku kucha zinaamka na kuzaana, na mojawapo ya sumu zinazoachwa humo haiondoki kwa kukaangwa, hata uunguze ukoko. Dawa yake haina fahari yoyote: wali ukiiva, utandaze kwenye sinia upoe upesi, na usizidishe muda wa saa 2 kabla ya kuufunika na kuuweka kwenye friji. Umeme ukikatika saa tatu usiku ukarudi alfajiri, usijadiliane na wali. Utupe. Ile dhambi utaitubu baadaye, ukiwa na tumbo zima.

Utasikia pia kwamba wali uliolala kwenye baridi unageuka chakula cha kupunguza mwili. Ni kweli kwamba wali ukipoa sehemu ya wanga wake hubadilika ukawa mgumu kusagika tumboni. Sehemu tu. Sahani ya tatu inabaki kuwa sahani ya tatu. Na kama ulinunua mchele usiokobolewa ili upige picha, uchanganye nusu kwa nusu na ule wa Kyela. Harufu ya Kyela itawafumba watoto macho.

Sasa kitoweo. Ukiwa Dar es Salaam, nenda soko la samaki la Feri asubuhi na mapema, usiende saa saba mchana na viatu vya ofisini. Muuzaji atakuapia kwamba kamba ni wa leo. Usimbishie, hata jana ilikuwa leo. Watazame kamba wenyewe: kichwa kimeshikamana na mwili, ganda linang'aa wala halijapiga weusi, na harufu ni ya bahari, siyo ya choo cha stendi. Fungu lililopangwa kwa ustadi huwa na wakubwa juu na wajukuu zao chini, kwa hiyo omba kwa adabu lipinduliwe. Kwa walaji wanne, nusu kilo ya kamba na ngisi inatosha. Ambaye mfuko haumruhusu achukue uduvi viganja viwili. Nao walitoka baharini, ingawa hotelini hawaandikwi.

Menya kamba, pasua mgongo kwa ncha ya kisu, uvute ule uzi mweusi. Watu wa mjini wanaupa heshima ya kuuita mshipa. Ni utumbo, na umebeba kile ambacho utumbo hubeba. Kisha wakaushe kwa kitambaa safi, maana kamba aliyelowa hakaangiki, anachemka. Maganda na vichwa viweke; ni supu ya kesho, na ni nafasi nyingine ya kutangaza.

Kata kila kitu kabla ya kuwasha moto, halafu moto uwe mkali. Hapa kwenye mafuta ndipo afya inapoingia au kutoka. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya mzeituni, au yale yaliyochorwa moyo kwenye lebo. Wapishi wetu hawana habari na vijiko. Wanainamisha dumu, wanaanza kuhesabu kimoyomoyo, mtu anapiga hodi. Pima vijiko viwili kwa karai zima, kisha dumu ulipeleke chumba kingine.

Kamba wanataka dakika 2 au 3. Aliyejikunja nusu ameiva, aliyejikunja mviringo kamili amepitiliza. Ngisi ana masharti makali zaidi: mtoe ndani ya dakika 2, la sivyo jiandae kumchemsha zaidi ya nusu saa mpaka alegee upya. Katikati ya nyakati hizo mbili utakuwa unatafuna ndala. Waweke pembeni wote, vuruga mayai mawili, nayo yatoe. Halafu kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, karoti, hoho, kabichi na njegere, kwa wingi ule ule wa wali. Siri yote ya neno "kiafya" ni hiyo: wali umepungua, mboga zimeongezeka. Ndiyo maana haifai kuitoa bure.

Wali vikombe 4, mabonge ukishayavunja kwa vidole, ndio unaofuata. Uache ukae juu ya chuma sekunde kadhaa bila kuuchokonoa, upate harufu ya moto, ndipo ugeuze. Jiko likiwa na moto hafifu, kaanga kwa awamu mbili. Kujaza karai mpaka ukingoni ni njia nzuri sana ya kupata uji.

Rudisha kitoweo na mayai, kisha nyunyiza sosi ya soya kijiko kikubwa kimoja. Hicho kimoja kina takriban miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku nzima. Ukiongeza kidonge cha supu, chumvi ya mkono na sosi ya pili "ili irudishe rangi", utakuwa umewalisha wageni chumvi ya juma. Ladha ikipungua, kamua ndimu na ukate pilipili. Vyote viwili havina sodiamu ya kuhesabika, tena vinamfanya mgeni aamini umejitahidi.

Pakua kwenye sahani ndogo. Shemeji akifika ameshika soda ya baridi mkononi, mpokee kwa furaha. Chupa moja kwa kawaida ina sukari ya vijiko vya chai 8 au 9, lakini soda haikaangwi, kwa hiyo haihesabiwi.