Shingo Moja, Waganga Wengi

Katika viungo vyote alivyojaaliwa mwanadamu, hakuna kinachotumikia adabu kama shingo, wala hakuna kinachosahauliwa upesi kama hiyo maadamu i nzima. Kwa shingo mtu huitikia, hukataa, huwainamia wakubwa na humgeukia jirani. Na kichwa inachokichukua, ambacho uzani wake wapata kilo 5, hakilalamikiwi na mtu mpaka siku msuli mmoja unapokaza, ndipo mwenyewe atambue kwamba siku zote alikuwa akitembea na mzigo.

Mimi nilijulishwa hayo na abiria mwenzangu katika gari moshi, mtu mnene mwenye usingizi wa amani, aliyenifanya mto usiku kucha na kunibana dirishani hata nikashuka Kigoma, mwisho wa reli, uso wangu ukiwa umeelekea kushoto na kukataa katakata kurejea. Laiti ningalikuwa naenda mji mwingine! Lakini nilikuwa naenda kwetu Ujiji, mji wa watu wa baraza, ambako salamu ni deni la pande zote mbili za njia. Waliokaa kushoto walipata shikamoo zao kamili. Wa kulia walipata kisogo. Na kabla ya adhuhuri ilikwisha enea habari kwamba kijana amerudi kutoka pwani na ghururi. Msikitini mambo yalizidi, kwani salamu ya kumaliza swala huanzia kulia, nami, nisiweze kugeuza shingo, niligeuza kiwiliwili kizima, na kisukusuku changu kikamfikia mzee mmoja mbavuni wakati uleule nilipokuwa nikimtakia amani. Nilipopita penye ukumbusho wa Livingstone nilimhimidi Mola kwamba aliyekuja kumtafuta mwaka 1871 hakuwa mimi, kwa maana Stanley alimkabili mtu uso kwa uso, nami ningaliusalimu mwembe.

Habari za mgonjwa hazikosi tabibu, na wa kwanza kujitokeza alikuwa mjomba wangu, mvuvi wa Kibirizi, ambaye mikono yake imekomazwa na nyavu za dagaa. Alikuja na chupa ya mawese na hoja iliyokamilika. "Mwanangu," akasema, "Wajerumani walipoizamisha meli yao mwaka 1916, mitambo waliipaka grisi kwanza, ikaibuliwa mwaka 1924, ikafanya kazi, ndiyo hiyo Liemba. Je, shingo yako ina kutu gani ya kuishinda meli?" Sikuwa na jibu, na kabla sijalitafuta nilikuwa kifudifudi juu ya mkeka, mawese yakitiririka kwenye kanzu yangu nyeupe kwa rangi ambayo sabuni mpaka leo haijapata kuishinda, na kisukusuku cha mjomba kikichimba begani. Kila alipozidisha nguvu, msuli nao ulizidisha ukaidi; na mimi, niliyekuwa uwanja wa vita vyao, sikuulizwa shauri.

Sababu ya ukaidi huo si uadui. Ndani ya msuli mna nyuzi ndogo za hisia ambazo, msuli unapovutwa kwa ghafula, hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na uti hutoa amri ya kukaza papo hapo, pasipo kungoja idhini ya ubongo. Na maumivu nayo huifanya misuli ya jirani isimame kulinda. Msuli uliokaza, basi, ni mlinzi aliyetishika, na mlinzi aliyetishika hatulizwi kwa kupigwa. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha bainisha katika kitabu chake Al-Qanun kwamba kuchua kwa nguvu huukaza mwili na kuchua kwa upole huulegeza. Ila kitabu hicho hakikufika Kibirizi.

Aliyeniokoa ni bibi yangu mzaa mama, ambaye mikono yake imewakanda wazazi wengi wa mtaa wetu. Yeye hakuleta hoja. Alileta kitambaa, akakichovya katika maji ya moto ya kustahimilika, akakikamua, akakilaza shingoni mpaka joto likaingia, kisha akapitisha vidole polepole kwa mafuta kidogo. "Shusha mabega, mjukuu wangu," akaniambia, "na pumzi uitoe yote, humu ndani hakuna anayekudai." Baada ya hapo aliniamuru nigeuze shingo mwenyewe, kulia na kushoto, nikome pale inapoanza kukataa, na amri hiyo niifuate asubuhi na jioni.

Wako wanaodai kwamba kuchua hukamua sumu mwilini. Sivyo: hata ile asidi izalishwayo na msuli katika kazi nzito huondoka yenyewe kwa muda wa saa moja hivi. Faida ya mkono mpole ni kuituliza mishipa ya fahamu, nayo ni faida ya kitambo. Kinachoidumisha ni mwendo. Niliona haya kuwakumbuka wapagazi waliokwenda kwa miguu baina ya Ujiji na Bagamoyo, kama kilomita 1,200, na mizigo ya kilo 30 na zaidi, ilhali mimi nimeshindwa na kichwa changu. Lakini wao walikuwa wakienda, nami nilikuwa nimekaa, kama akaavyo mshonaji cherehanini na karani mezani, wasinyanyuke mpaka jua lizame.

Hadhari moja tu: shingo iliyokaza pamoja na homa kali, au ganzi mikononi, au baada ya kuanguka, si ya mkeka wala kitambaa, ni ya hospitali, tena upesi.

Yangu iliporejea mahali pake, mjomba aliitangazia Kibirizi nzima kwamba ni kazi ya mawese yake, na bibi hakumkanusha. Basi nawe, msomaji, ukipatwa na mashaka ya namna hii, tafuta maji ya moto, kitambaa safi na mtu mzima asiye na haraka. Na akikujia mwenye hoja nzuri kuhusu meli, mwagizie kahawa, umketishe mbali nawe, umwombe aisimulie mpaka mwisho.