Namna ya Kulifungua Fundo la Khanga

Pindo la khanga ni benki isiyo na foleni wala makato. Ukitaka mama muuza mchele wa soko la Talatala, Kyela, ahamishie pesa zake kwenye simu, fundo usilivute. Anzia mbali: mtafute mwanawe aliye Dar es Salaam.

Ndivyo mambo yalivyoanza. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, vijijini iliingia kwa mkono wa watoto waliochoka kumkabidhi kondakta bahasha ya pesa. Basi kijana atume elfu thelathini, na ya kutolea asiisahau. Akiisahau, mama atakatwa kwa wakala, na jioni majirani wote watajua kwamba simu inakula pesa. Habari hiyo itafika kata ya Ipinda kabla ya bodaboda.

Kisha mtazame wakala. Mama ametoka shambani, tope la mpunga limemkaukia miguuni, kitochi amekifunga kwenye nailoni kisilowe. Anaambiwa, "Shikamoo mama. Keshi imeisha, njoo kesho." Kesho si neno dogo kwa mtu aliyekuja kwa mguu. Wakala asiye na keshi wala floti humrudisha mteja kwenye pindo haraka kuliko tapeli.

Tapeli naye yupo. Msomee mama ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hadi aucheke. Mfundishe kubonyeza *150*00# mwenyewe, kiganja kikifunika namba ya siri. Mjukuu asiijue, hata akiwa mpole.

Makato ndiyo yanayouma zaidi. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya miamala, watu walirudi kubeba noti, na Septemba ikabidi ipunguzwe kwa asilimia 30. Hawakuwa washamba wale. Walipiga hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

Lakini kazi kubwa ni hii: pesa ipate pa kwenda bila kutolewa. Mama akipokea kwa simu, akatoa, akamlipa bodaboda noti, akanunua sabuni kwa noti, simu imekuwa njia tu ya kwenda kwa wakala, tena njia ya kulipia. Kwa hiyo muache mama kidogo, nenda kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Siku atakapobandika Lipa Namba ukutani, na mwenye duka jirani akafuata, rudi sokoni ulitazame lile pindo.