Sifa kwa Mheshimiwa Kekeo

Masika ikianza, mitaa ya Eastlands, Nairobi, hupata mgeni mdogo mwenye mgongo wa kijani unaometameta, anayepaza sauti "dii-dii-diderik" kutwa nzima. Kusengenywa amesengenywa vya kutosha. Leo nimsifu.

Eti ni mvivu! Tazama kwera dume, yule wa njano mwenye uso mweusi: anachana majani, anafuma kiota, kisha ananing'inia mlangoni akipiga mbawa ili jike akubali kuhamia. Jasho lote hilo la nini? Kekeo jike husubiri mwenye nyumba atoke, huingia, hutoa yai moja, hutaga lake, huyoo. Mwanawe naye akianguliwa, bado kipofu, hujitwika mayai ya wenyeji mgongoni na kuyasukuma nje. Nionyesheni kijana mwingine anayeanza kazi kabla hajafumbua macho.

Lakini hisani yake kubwa ni elimu. Kila kwera jike hutaga mayai ya sura moja maisha yake yote: huyu meupe, jirani yake ya buluu, wa tatu ya kijani yenye madoa ya kahawia. Kekeo akibahatisha rangi, mwenyewe anakagua. Lisilofanana na yake analitupa nje kwa mdomo. Nani kamfundisha ukali huo kama si tapeli?

Ushahidi uko Mauritius, walikopelekwa kwera kutoka Afrika Kusini mwaka 1886, na Hispaniola, walikofika zamani zaidi kutoka Afrika Magharibi. Kekeo hakusafiri nao. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alionyesha kwamba visiwani humo mayai ya majirani yameanza kufanana, na ya kiota kimoja yameanza kutofautiana. Amani imewaharibu.

Eastlands hatujaharibika hivyo, shukrani kwa wale wanaopokea dipoziti ya chumba kimoja kutoka kwa wapangaji wanne. Siku hizi hata shangazi wa Kayole hatoi senti kabla hajamwona mwenye ploti, akahoji majirani na kuujaribu ufunguo mwenyewe.

Basi naiomba kaunti imsimamishie Mheshimiwa sanamu pale Jogoo Road. Msingi wake usijengwe; itafutwe sanamu ya mtu mwingine, ingojewe usiku, iondolewe, yake iwekwe pale pale.