Elimu Bure, Githeri kwa Pesa

Mzazi wa Mukurweini, Kenya, hongera: tangu 2008 masomo ya sekondari ya umma ya kutwa ni bure. Mwaka 2018 serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Za vitabu, ukarabati, hata michezo. Tumbo halimo. Githeri ya mchana, yale mahindi na maharagwe, ni juu yako. Ukichelewa kulipa, mtoto anarudishwa nyumbani akatafute pesa za chakula, na jikoni anakikuta chakula chenyewe: githeri. Umfungie hiyo githeri kwenye mkebe basi? Wenzake watamcheka, ingawa sufuria ya shule imejaa mahindi yale yale, pamoja na fukusi wasiotozwa karo. Na maziwa ya ng'ombe wako? Hayo yalikwenda kiwandani alfajiri. Mtoto wa mfugaji atakunywa strungi, chai isiyo na maziwa.