Mheshimiwa, Safari Hii Nenda Varanasi

Mheshimiwa, kwa kuwa Dubai na Singapore mmeshazimaliza, nakupendekezea ziara ya mafunzo Varanasi, mji wa kale ulioko kando ya Mto Ganges, India. Kule kuna ngazi za mawe, ghati zaidi ya 80, zinazoshuka hadi majini. Tajiri na fukara hushuka hapo kuoga, kusali, kufua nguo, na pale Manikarnika kuchoma maiti wao. Hakuna soja wa getini anayeuliza, "Unaenda kwa nani?"

Hilo lichunguze kwa makini, tena uandike. Sisi wa mtaa wa Karagita, Ziwa Naivasha tunalijua vizuri: tunaliona kupitia fensi ya stima tukienda zamu kwenye mashamba ya maua. Ufuo wa umma tunao, ndiyo, ila tumebanana na wavuvi, boti za watalii, punda wa kuchota maji na viboko. Viboko hawaulizwi kitambulisho. Maji ya kunywa tunanunua kwa mtungi, maana floraidi ya visima imeshatupaka meno rangi ya kahawia.

Jioni, pale Dashashwamedh, makuhani huzungusha mataa ya moto, watu wakaachia maua yaelee mtoni. Maua, mheshimiwa! Usihangaike kuyapiga picha. Huku kwetu tunayakata, tunayapanga kwa urefu wa kikonyo, yanapanda ndege kwenda Uholanzi, nasi tunabaki na mgongo.

Marupurupu usiwe na shaka, yatapita. Na Ganges haina viboko, kwa hiyo hata bima itakuwa nafuu.